Kamera za msituni zinazopiga picha za majani: shida huanza siku ya kuzifunga

Chukua mfano huu. Timu inatembea siku mbili kwa miguu ndani ya msitu wa Ituri ili kufika kwenye mti ambako kamera ilifungwa miezi miwili iliyopita. Kamera ipo. Haikuibiwa, tembo hakuivunja, maji hayakuingia. Wanatoa kadi ya kumbukumbu na kuitia kwenye kompyuta: picha elfu nane. Furaha haidumu. Picha ya kwanza ni jani. Ya pili ni jani lilelile limeinama kushoto. Ya tatu, jani limerudi kulia. Picha ya mwisho ilipigwa siku ya sita. Kuanzia hapo kadi ilikuwa imejaa, na kwa siku zaidi ya hamsini zilizobaki hakuna anayeweza kusema ni mnyama gani alipita mbele ya mti ule.

Hesabu yake ni nyepesi. Kadi ya gigabaiti 32, kama kila picha ina ukubwa wa megabaiti 4, inabeba picha 8,000 hivi. Kamera iliyopangwa kupiga picha tatu kila inaposhtuka, ikishtushwa na jani mara moja kwa dakika, kwa muda wa saa nane za jua, inapiga picha 1,440 kwa siku. Gawanya mwenyewe. Siku tano na nusu, kadi imekwisha.

Jambo hilo tunaweza kuliita kufyatuka bure. Kila aliyewahi kutega waya msituni anajua uchungu wa kukuta mtego umefyatuka na hakuna kitu, kwa sababu tawi lilianguka au mvua ilikaza kamba. Kamera nayo ni mtego, ila inakamata picha. Na kama mtego wa waya, mara nyingi kosa haliko kwenye chombo. Liko kwa mkono uliokiweka.

Katika nchi nyingine kosa hilo ni usumbufu mdogo. Mwenye kamera anarudi kesho yake na gari, anakata majani, mambo yanaendelea. Kwetu mashariki mwa Congo, kurudi ni safari. Kuna sehemu za Ituri, za Maiko na za Kahuzi-Biega ambako timu inaweza kuingia mara moja tu halafu usalama ukafunga njia kwa miezi. Nafasi ya kurekebisha ni ile ya siku ya kwanza.

Na kuna jambo la kutazamwa kweli. Hifadhi ya Okapi, yenye karibu kilometa za mraba 13,700, iliundwa mwaka 1992 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996. Mwezi Juni 2012 kituo chake cha Epulu kilishambuliwa na wanamgambo. Watu waliuawa, wakiwemo walinzi wa hifadhi, na okapi wote 14 waliokuwa wakifugwa pale walikufa. Tangu hapo, mtu anayetaka kujua okapi wanaishije hana zizi la kutazamia. Anabaki na nyayo, mavi na picha za kamera. Okapi ni mnyama wa peke yake, mwoga, mwenye masikio makubwa yanayosikia mtu kutoka mbali. Wanasayansi wa nje walimtambua mwaka 1901 tu, ingawa Wambuti walikuwa wakimjua tangu mababu. Picha za kwanza za okapi aliye huru porini zilipatikana mwaka 2008 katika mbuga ya Virunga, na zilipigwa na kamera za mtego. Hakuna mtu aliyekuwa nyuma ya mashine.

Kifaa chenyewe hakikutengenezwa kwa ajili ya okapi. Kilikua mikononi mwa wawindaji. Mmarekani George Shiras, mwindaji aliyegeuka mpiga picha, alikuwa akitandaza uzi njiani mwa wanyama usiku ili mnyama akiugusa ajipige picha mwenyewe kwa mwanga wa baruti. Picha zake zilichapishwa na jarida la National Geographic mwaka 1906. Leo huko Marekani wawindaji wa kulungu wanafunga kamera za namna hii miezi kabla ya msimu ili wajue dume kubwa linapita saa ngapi. Mambo yamefika mbali hadi jimbo la Arizona likakataza kuzitumia katika uwindaji kuanzia mwaka 2022, kwa hoja kwamba mnyama hapewi tena nafasi ya haki. Kwetu uwindaji ndani ya mbuga za taifa umekatazwa, na kamera hizi ziko hasa mikononi mwa ICCN, washirika wake na watafiti. Lakini mashine ni zilezile, na kitabu cha maelekezo ni kilekile kilichoandikwa kwa mtu wa nchi ya baridi, mwenye msitu wa misonobari na kulungu mmoja. Sehemu ya shida inatoka hapo.

Ni vizuri kwanza kuelewa kamera inaona nini. Watu wengi wanadhani lenzi inatazama muda wote na kungoja kitu kitembee. Si hivyo. Kamera imelala. Kinachokesha ni jicho jingine dogo lililo chini ya lenzi, lenye kioo cha plastiki cheupe, nalo halioni sura wala rangi. Linahisi joto tu. Uwanja ulio mbele yake umegawanywa katika vipande, na jicho hilo linalinganisha joto la kipande kimoja na kingine. Kitu chenye joto tofauti na mandhari kikitoka kipande hiki kwenda kile, jicho linaamsha kamera.

Kwa hiyo vinahitajika vitu viwili pamoja: tofauti ya joto na mwendo. Mboloko anayepita kwenye kivuli cha msitu wenye nyuzi 23 ana vyote viwili, kwa kuwa mwili wake una joto karibu nyuzi 38, hata kama manyoya yake ni ya baridi zaidi kwa nje. Nyoka ana mwendo lakini joto lake ni sawa na la ardhi, ndiyo maana picha za nyoka ni chache sana. Jiwe lililochomwa na jua lina joto lakini halitembei. Jani pana lililopigwa na jua asubuhi nzima, kisha upepo ukalitikisa mbele ya kivuli cha baridi, lina joto na lina mwendo. Kwa jicho lile, jani hilo ni mnyama. Kamera haikukosea, imefanya kazi iliyoambiwa.

Anayejua msitu wetu anaweza kutaja mshitakiwa wa kwanza bila kufika mahakamani: mangungu, yale majani mapana ambayo mama zetu wanafungia chikwange na Wambuti wanaezekea vibanda. Yanaota pale hasa mti mkubwa ulipoanguka na jua likapata tundu. Pale pale pia wanyama wanapenda kupita kula machipukizi, na pale pale mtu mwenye haraka anaona pazuri pa kufunga kamera kwa sababu kuna mwanga. Mtego umetegwa, lakini kwa jani.

Dawa ni panga na subira. Mbele ya kamera, kwa meta tatu au nne, kila kinachoota chini ya kiuno kinakatwa, na kinakatwa kwenye shina. Ukikata katikati, wiki tatu baadaye chipukizi laini limesimama mbele ya lenzi, jembamba, jepesi kutikiswa. Msitu wa ikweta hausubiri; usipange kwa majani unayoyaona leo, panga kwa yatakayokuwa pale baada ya miezi miwili. Lakini pia usifyeke kama anayelima muhogo. Ukifungua sana, unaleta jua ambalo halikuwepo, unamshtua mnyama, na unamwonyesha kila mpita njia kwamba hapa kuna kitu.

Jua lenyewe ni mshitakiwa wa pili. Likichomoza au kuzama mbele ya kamera, miale inaingia moja kwa moja kwenye lile jicho na kulichanganya, na picha zinazotoka ni nyeupe tupu. Vitabu vya maelekezo vinasema elekeza kamera kaskazini. Ushauri huo ni wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako jua linakaa upande wa kusini mwaka mzima. Epulu iko karibu kabisa na ikweta. Hapa jua linapanda mashariki, linapita juu ya kichwa na kushuka magharibi, likielemea kidogo kaskazini nusu ya mwaka na kidogo kusini nusu nyingine. Kaskazini ni sawa, kusini ni sawa. Kinachokwepwa ni mashariki na magharibi.

Halafu kuna mti. Kamera iliyofungwa kwenye mti mwembamba inayumba pamoja nao wakati wa upepo wa mvua, na kamera ikiyumba, msitu mzima unatembea mbele ya jicho lake. Tafuta shina nene ambalo ukilisukuma kwa bega halijui kama upo. Mti ukiwa mnene kupita kiasi mkanda haufiki, hilo nalo hugunduliwa huko huko msituni, jioni, mvua ikinyesha.

Mtu akisharudi na picha zake za majani, hatakiwi kuzifuta kwa hasira. Picha hizo zina habari. Karibu kila kamera inaandika chini ya picha saa na joto la wakati ule. Ukizipanga kwa saa, chanzo kinajitokeza. Zikijazana kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na joto limepanda, ni majani na jua. Zikiwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni tu, tazama kamera inaelekea wapi. Zikija kwa makundi siku moja na kupotea siku tatu, ni upepo au mti unaoyumba. Zikiwa za usiku, na kuna uzi mweupe unaong'aa mbele ya lenzi, buibui amejenga: taa ya kamera inavuta wadudu, na buibui anafuata chakula. Siafu nao wakipata tundu wanaingia ndani kabisa ya kasha, na hapo si picha za bure tena, ni kamera iliyokufa.

Uchunguzi huu unahitaji saa iliyo sahihi, na hapa Congo ina kituko chake. Nchi ina saa mbili. Kamera iliyoandaliwa ofisini Kinshasa ikafungwa Ituri bila kurekebishwa inachelewa saa nzima, na atakayesoma picha atatafuta jua la asubuhi mahali lisipo.

Si kila picha tupu ni ya uongo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kuna kamera inayoshtushwa na mnyama wa kweli lakini inaamka polepole. Kati ya jicho kuhisi na lenzi kupiga inapita sekunde nzima, mnyama amekwisha kupita. Kinachobaki ni njia tupu. Mtu akidhani ni majani, anapunguza ukali wa jicho, na sasa hapati hata wale waliokuwa wakionekana nusu. Dalili iko mkononi mwake: picha tupu za usiku au za alfajiri, wakati hakuna jua wala upepo, mara nyingi zina mnyama aliyekwisha kwenda. Tazama ukingo wa picha, unaweza kuona mkia. Dawa yake ni kuacha kuelekeza kamera ikate njia kwa pembe iliyonyooka. Igeuze kidogo ifuate njia kwa mshazari, mnyama akae muda mrefu zaidi mbele yake. Usiigeuze mno pia, maana anayekuja moja kwa moja kuelekea kamera havuki vipande vile vya joto haraka, na jicho linaweza kumwacha afike karibu kabisa.

Urefu unategemea unayemtafuta. Kwenye usawa wa goti la mtu au juu yake kidogo unapata mboloko na kakakuona, na okapi akipita meta nne mbele unapata miguu na mapaja yake. Kwa okapi hiyo inatosha sana, kwa sababu milia ya mapaja haifanani kati ya mmoja na mwingine, na kwa milia hiyo watafiti wanaweza kujua kama waliyemwona jana ndiye huyu wa leo.

Nimezungumzia msitu. Ukishuka kwenye tambarare za Virunga upande wa Rwindi, au ukienda Garamba huko Haut-Uele, mambo yanageuka. Huko nyasi ni ndefu, kivuli hakuna, na saa saba mchana ardhi inaweza kuwa na joto sawa na la mwili wa mnyama au zaidi. Kamera inafanya makosa mawili kwa pamoja: inashtuka kwa nyasi zinazopepea, na inamwacha nyati apite kwa kuwa joto lake halitofautiani na la uwanja. Kupunguza ukali wa jicho kunaponya kosa la kwanza na kuzidisha la pili. Hakuna kitufe kinachoponya yote. Walio na uzoefu wa savana wanafyeka nyasi vizuri zaidi, wanatafuta kivuli cha mti hata kama njia nzuri iko pembeni, na wanakubali kwamba saa za mchana hazitawapa mengi. Mradi wa Snapshot Serengeti nchini Tanzania ulitega kamera 225 tangu mwaka 2010. Katika mafungu milioni 1.2 ya picha yaliyokusanywa hadi 2013, yaliyokuwa na wanyama hayakufika laki tatu na elfu ishirini na tano. Yaani karibu robo tatu ya picha za mradi mkubwa, wenye magari na wataalamu, zilikuwa nyasi.

Mapile yanastahili neno. Kamera nyingi zinakula pile nane ndogo. Ukichanganya mpya na za zamani, zile zilizochoka zinavuta nyingine chini, na kamera yenye nguvu kidogo inaanza tabia za ajabu: inapiga mchana, inakataa usiku, kwa kuwa taa ya usiku ndiyo inayokula nguvu nyingi. Picha za bure za mchana zinajaza kadi. Za usiku zinamaliza mapile. Unyevu nao ni adui, na vile vifuko vidogo vya punje tunavyovikuta kwenye maboksi ya viatu na kuvitupa, kimoja ndani ya kasha kinasaidia lenzi isipate ukungu. Ila kikishalowa hakifanyi kitu mpaka kikaushwe kwa joto, ndipo kitumike tena.

Kuna wanaosema siku hizi kompyuta itatuondolea taabu yote. Programu inayoitwa MegaDetector, inayotolewa bure, inapitia maelfu ya picha na kutenga zilizo na mnyama, mtu au gari na zile tupu. Inafanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta, jambo la maana kwa ofisi ya Bunia au Goma, ingawa kompyuta ya kawaida itahitaji usiku mzima na umeme usiokatika. Ni msaada mkubwa kwa macho ya watu. Lakini inapanga picha zilizopo. Kadi iliyojaa siku ya sita haina cha kupangwa kwa siku hamsini zinazofuata.

Wanaofaa zaidi kuchagua mti ni wale ambao hawakusoma kitabu cha maelekezo. Mzee wa Kimbuti aliyewinda kwa wavu, au mtu aliyeacha waya akaajiriwa kufuata nyayo, anajua mahali mnyama anapopunguza mwendo: penye gogo la kurukwa, kivuko cha kijito, kona ya njia ya tembo. Mnyama anayepunguza mwendo anapigwa picha vizuri hata na kamera ya bei ndogo. Mara nyingi watu hao wanabebeshwa mizigo tu, na kijana aliyetoka mjini na GPS ndiye anayeonyesha mti. Naona huo ni upotevu.

Na watu wa vijiji waambiwe mapema. Kamera iliyofungwa karibu na njia ya watu inapiga kina mama wanaotafuta kuni na vijana wanaokwenda machimboni, na hao hawakuomba kupigwa. Mahali ambapo bunduki zimezoeleka, kisanduku chenye jicho kilichofungwa kwenye mti kinaweza kuonekana kama chombo cha upelelezi, au kibaya zaidi, kama bomu. Anayekivunja hawezi kulaumiwa sana. Kuzungumza na chifu, kuonyesha kamera wazi mbele ya watu, kuwaruhusu wapite mbele yake na kujiona kwenye picha, kunaokoa kamera nyingi kuliko kufuli la chuma.

Kabla ya kuondoka kwenye mti, timu inafanya jaribio ambalo halichukui muda mrefu na ndilo linalorukwa kwanza mvua ikitishia. Mmoja anapita mbele ya kamera akiwa ameinama, mikono karibu na ardhi, kwa mwendo wa mboloko, kisha wa okapi. Wengine wanakaa kando, kimya, robo saa bila kupita. Kadi inatolewa na kutazamwa papo hapo. Kama katika robo saa ile ya kimya kuna picha, kuna kitu mbele kinachotikisika, na panga bado liko mkononi. Mwisho kamera inapangwa ipige picha moja kila siku saa sita mchana, hata kama hakuna kilichopita. Picha hiyo itakuwa ya majani, na itahifadhiwa: ndiyo inayoonyesha kwamba siku ile kamera ilikuwa hai, na bila hiyo hakuna mtu anayeweza kusema kama okapi hakupita au kamera ndiyo iliyokuwa imekwisha kulala.